Msichana Mlangoni na Mwandishi Asiyetajwa: Nafasi ya Little Lulu katika Historia ya Uchapishaji wa Katuni za Watoto

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Little Lulu, kitabu cha katuni za kuchekesha watoto kilichoanza kuchapwa Marekani mwaka 1945, na yanakitazama ndani ya mfumo wa uchapishaji uliokizaa. Wahakiki wengi wamekisoma kwa njia mbili: ama kama kazi ya fundi mmoja aliyefichwa, ama kama utetezi wa mapema wa mtoto wa kike. Makala yanadai kwamba kila usomaji una ukweli wake, lakini vyote viwili vinaacha nje nguvu iliyoamua umbo la hadithi hizi, yaani uchapishaji wa mfululizo, ambao ulihitaji kila mgogoro urudi mwanzo kila toleo. Kwa kuchunguza mpangilio wa ukurasa, mlango wa kibanda cha wavulana, visa vya upelelezi na ngano anazosimulia Lulu, makala yanaonyesha jinsi masharti ya biashara yalivyogeuzwa kuwa mbinu za kisanaa. Mwisho, yanauliza hoja hiyo inatuachia wajibu gani sisi tunaohakiki katuni za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tarehe 23 Februari 1935, jarida la kila wiki la The Saturday Evening Post lilichapa mchoro mmoja wa harusi. Ndani yake, msichana mdogo aliyekabidhiwa kazi ya kutawanya maua mbele ya maharusi alikuwa akitawanya maganda ya ndizi. Mchoraji alikuwa Marjorie Henderson Buell, aliyetia saini kwa jina fupi la Marge, na msichana huyo ndiye Lulu. Mchoro huo haukuwa na hadithi. Ulikuwa na tendo moja tu, na kicheko chake kilimtegemea msomaji kujijazia mwenyewe kitakachotokea mtu wa kwanza atakapokanyaga ganda.

Miaka kumi baadaye, msichana yuleyule alikuwa mhusika mkuu wa kitabu cha katuni kilichouzwa kwa senti 10, akiwa na rafiki, maadui, wazazi, mtaa na sauti yake. Safari kutoka ganda la ndizi hadi mtaa mzima ndiyo inayochunguzwa hapa. Ni safari ya kifasihi, lakini ilifanyika ndani ya viwanda vya kuchapa, mikataba ya leseni na vibanda vya magazeti. Mhakiki anayeitazama hadithi peke yake hukosa kuona kwa nini ina umbo ililonalo, na mwanahistoria wa uchapishaji anayetazama mikataba peke yake hukosa kuona kwa nini watu waliendelea kuisoma hata baada ya kampuni zilizoichapa kutoweka.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: kazi ya kuchekesha watoto, iliyotungwa kwa agizo, ikachapwa bila jina la mtunzi wake na kuuzwa ili isomwe na kutupwa, ilipataje ubora wa kifani unaostahili uhakiki wa kina? Jibu la haraka ni kwamba ilibahatika kuwa na mtunzi mwenye kipaji. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu.

2.0 Mfumo uliokizaa kitabu

Kitabu cha katuni kwa umbo tulilolizoea kilijengeka Marekani katika miaka ya 1930, na Famous Funnies ya mwaka 1934 ndiyo hutajwa kwa kawaida kuwa mfano wa mwanzo uliouzwa mara kwa mara vibandani kwa senti 10. Mwanzoni yaliyomo yalikuwa marudio ya katuni za magazetini. Marudio yalipopungua, wachapishaji wakaanza kuagiza kazi mpya, na kwa kuwa kazi hiyo ilionekana kuwa bidhaa ya muda mfupi, malipo yalihesabiwa kwa ukurasa na hakimiliki ikabaki kwa kampuni au kwa mwenye mhusika.

Little Lulu ilitoka katika muungano wa kibiashara wa aina yake. Western Printing and Lithographing, kampuni ya kupiga chapa yenye makao Racine, Wisconsin, iliandaa na kuchapa vitabu, huku Dell Publishing ya New York ikivigharimia na kuvisambaza. Western ilikuwa imejipatia leseni za wahusika wengi maarufu, wakiwamo wale wa Walt Disney. Kwa hiyo ilihitaji watu wa kuwatungia hadithi wahusika ambao tayari walikuwa na mwenyewe. Kwa lugha ya sanaa tungesema kwamba mtunzi alipewa nyumba iliyokwisha kujengwa, akaambiwa atafute namna ya kuishi humo.

Mlango wa kuingilia ulikuwa mfululizo wa Four Color. Chini ya jina hilo Dell ilijaribu wahusika mbalimbali, kila toleo likiwa na mhusika wake, na aliyeuza vizuri akarudishwa tena na tena hadi alipostahili mfululizo wake mwenyewe. Lulu alitokea kwanza katika Four Color namba 74 mwaka 1945. Yalifuata majaribio mengine tisa, na mwanzoni mwa 1948 akapata mfululizo wake kwa jina la Marge's Little Lulu. Ni vyema kulitafakari jina hilo. Jina la Marge lilikaa juu ya jalada kwa sababu ndiye aliyekuwa na hakimiliki, na alibaki nayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoiuza kwa Western. Hata hivyo, hadithi zilizokuwa ndani hakuzitunga yeye.

Aliyezitunga alikuwa John Stanley, mzaliwa wa New York mwaka 1914, aliyepewa kazi hiyo na mhariri Oskar Lebeck. Katika matoleo ya mwanzo Stanley aliandika na kuchora pia. Baadaye alibaki mwandishi, lakini mwandishi wa namna ya pekee. Hakuwasilisha maandishi matupu. Aliwasilisha kurasa zilizochorwa kwa haraka, zenye mpangilio wa fremu, mikao ya wahusika na maneno ndani ya viputo. Wachoraji wengine, hasa Charles Hedinger na Irving Tripp, walikamilisha michoro kutokana na rasimu hizo. Hali hii iliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda wote huo msomaji aliyenunua kitabu hakuona jina la Stanley popote.

Tukiorodhesha waliochangia ukurasa mmoja wa Little Lulu, tunapata mbunifu wa mhusika, mtunzi wa hadithi, mchoraji wa mwisho, mhariri, mpigaji chapa na msambazaji. Dhana ya mwandishi kama mtu mmoja mwenye kazi yake, ambayo uhakiki wetu wa riwaya na ushairi andishi huitegemea, haikai vizuri hapa.

3.0 Ukurasa kama mdundo

Ukurasa wa kawaida wa Little Lulu una fremu nane, mbili mbili katika safu nne. Mpangilio huu haukuwa uvumbuzi wa Stanley. Ulikuwa utaratibu wa kawaida katika vitabu vya Dell, kwani ulirahisisha kazi ya wachoraji wengi na ulisomeka kwa urahisi na mtoto anayeanza kusoma. Ni katika kuupokea utaratibu huo ndipo ufundi unapoonekana. Fremu zisizobadilika ukubwa hufanya kazi kama mizani katika ushairi wa kimapokeo: msomaji anazizoea mpaka hazioni, na kwa sababu hiyo badiliko dogo kabisa ndani yake huonekana mara moja.

Katika hadithi nyingi, fremu mbili au tatu zinazofuatana humwonyesha Lulu amesimama palepale, kwa pembe ileile ya kutazama, na badiliko ni moja tu: nyusi zimepanda, au kichwa kimegeuka kidogo. Hakuna kiputo. Msomaji anajua kwamba Lulu anafikiri, na anajua pia kwamba fikra hiyo itamwingiza mtu matatani. Huu ni ukimya wenye muda unaopimika. Msimulizi wa ngano hupata athari kama hiyo kwa kunyamaza kabla ya kutaja mnyama aliyejificha nyuma ya kichaka, na kimya chake hupimwa kwa pumzi za hadhira. Katika katuni, kimya hupimwa kwa fremu.

Michoro yenyewe ni ya mistari michache: macho ni nukta nyeusi, vidole ni vinene, mandhari ya nyuma ni ua, mti na ukuta wa nyumba. Usahili huu unaweza kudhaniwa kuwa uvivu au ubanifu wa gharama, na bila shaka gharama ilihusika. Lakini unaleta faida ya kiusimulizi. Kwa kuwa sura haina mengi, hisia hazitangazwi. Mara nyingi Lulu na Tubby hutazama maafa yanayowakaribia kwa uso uleule waliotumia kutazama sahani ya keki. Kichekesho kinatokana na pengo kati ya ukubwa wa jambo na udogo wa ishara, na hiki ni kinaya cha picha ambacho maneno peke yake yasingeweza kukibeba.

4.0 Mlango wa kibanda

Kitovu cha migogoro katika Little Lulu ni kibanda cha mbao ambacho Tubby na wenzake, Iggy, Eddie na Willy, wamekifanya kuwa klabu yao. Mlangoni pana tangazo linalosema kwamba wasichana hawaruhusiwi. Lulu anataka kuingia, anazuiwa, na hatimaye, kwa hila au kwa bahati, wavulana hujikuta wakimhitaji: wamezingirwa na genge la upande wa magharibi wa mji, au wameshikwa na matokeo ya upumbavu wao. Anawaokoa au anawaumbua, na mara nyingine anafanya yote mawili kwa pamoja.

Usomaji unaomtazama Lulu kama mtetezi wa mtoto wa kike umejengwa juu ya mlango huu, na una msingi. Mwaka 1994 wanawake waliofanya kazi katika uwanja wa katuni Marekani walianzisha shirika la kuwaendeleza wanawake kama wasomaji na watunzi, wakaliita Friends of Lulu. Nchini Brazil, ambako Lulu alijulikana kama Luluzinha na Tubby kama Bolinha, maneno ya klabu ya Bolinha yaliingia katika lugha ya kila siku kama msemo wa kuitaja halmashauri, bodi au kikao chochote cha wanaume watupu. Ni nadra kitabu cha watoto kuachia lugha ya watu wazima msemo wa kisiasa, na ni nadra zaidi msemo huo kutokana na tafsiri. Tafsiri hiyo haikuishia kuhamisha hadithi. Ililipatia jina jambo ambalo jamii ile ilikwisha kulijua.

Pamoja na hayo, usomaji huo una tatizo moja ambalo haliwezi kupuuzwa: Lulu hashindi kwa kudumu. Awashinde wavulana mara ngapi, toleo linalofuata tangazo lipo mlangoni na yeye yuko nje. Tukimsoma kama shujaa wa riwaya, tutalazimika kusema kwamba ni shujaa asiyejifunza na jamii yake haibadiliki. Tukimsoma kama mhusika wa mfululizo wa vibandani, tunaona sababu. Mgogoro ndio mtaji wa kitabu. Siku tangazo litakapong'olewa, hadithi itakuwa imekula mbegu zake.

Hapa ngano zetu zinatupa mwanga. Sungura humshinda simba leo, na kesho simba yuko palepale na nguvu zilezile. Hatumlaumu sungura kwa kushindwa kuuangusha utawala wa simba, kwa kuwa tunajua ngano haikusudii kusimulia mwisho wa utawala. Inasimulia namna mnyonge anavyoweza kuishi chini ya utawala bila kuwa mjinga. Lulu ni wa jamii hiyo ya wahusika. Ushindi wake ni wa siku moja, na thamani yake ni kwamba kila mara unafichua uzembe wa sheria iliyomzuia. Msomaji wa kike anayefunga kitabu hajaahidiwa kwamba mlango utafunguliwa. Ameonyeshwa kwamba walioko ndani hawana lolote la kujivunia. Huo ni mtazamo mkali zaidi, ingawa ni wa matumaini madogo zaidi, kuliko ule unaodaiwa na wanaomfanya Lulu kuwa nembo.

5.0 Ahadi kwa wazazi na baba mwenye hatia

Mwaka 1954 tasnia ya vitabu vya katuni Marekani iliingia katika dhoruba. Daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapa kitabu chake Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni zinachangia uhalifu wa watoto, na kamati ndogo ya Baraza la Seneti ikafanya vikao vya hadhara mjini New York. Wachapishaji wengi, kwa kuhofia sheria ya serikali, waliunda mamlaka yao ya kujidhibiti na kanuni za maadili. Dell haikujiunga. Msimamo wake ulikuwa kwamba vitabu vyake tayari ni safi, na kwamba kujiunga kungeliweka jina lake katika kapu moja na la wachapishaji wa visa vya damu na vitisho. Badala yake ikachapa ndani ya vitabu vyake ahadi yake yenyewe kwa wazazi kwamba katuni zake ni njema.

Ahadi hiyo huchukuliwa kwa kawaida kama ushahidi kwamba vitabu vya Dell vilikuwa vya upole na visivyo na meno. Visa vya upelelezi katika Little Lulu vinatulazimisha kufikiri upya. Katika visa hivyo Tubby hujifanya mpelelezi kwa jina la The Spider, yaani Buibui, na huingia nyumbani kwa Lulu akiwa amejibadilisha sura kwa mavazi ambayo hayawezi kumdanganya yeyote. Kitu kimeharibika au kimepotea, na Lulu ndiye anayeshukiwa na wazazi wake. Tubby hachunguzi kwa muda mrefu. Kwa sababu ambazo hazina mantiki yoyote, anatangaza kwamba mkosaji ni Bwana Moppet, baba yake Lulu. Na kwa kawaida, anakuwa sahihi.

Muundo huu una kinaya cha tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni dhihaka kwa hadithi za upelelezi, ambazo humtukuza mwenye mantiki. Hapa mantiki ni mbovu na hitimisho ni la kweli. Tabaka la pili ni zito zaidi. Katika nyumba ya Lulu, kama katika nyumba nyingi, mtoto ndiye mshukiwa wa kwanza, na adhabu, ambayo mara nyingi ni kichapo, hutangulia uchunguzi. Tubby anageuza mpangilio huo. Anaanza na dhana kwamba mwenye mamlaka ndiye mwenye hatia, kisha anatafuta ushahidi, na hadithi inamthibitisha. Baba anafedheheka mbele ya watoto, na chanzo cha kosa lake huwa ni mambo ya kitoto: ulafi, uvivu, au kuona haya kukiri alichokivunja.

Kwa hiyo kitabu kilekile kilichoelekeza ahadi yake kwa wazazi kiliwaambia watoto kwamba wazazi husema uongo. Sioni hapa njama ya siri ya mtunzi dhidi ya mchapishaji wake. Naona matokeo ya namna udhibiti ulivyofikiriwa. Waliokagua usafi walitafuta damu, bunduki na nguo fupi, na hawakutafuta mashaka. Ukichunguza tu kile kilichochorwa, kisa cha Buibui hakina doa. Ukichunguza kinachomaanishwa, ni miongoni mwa masomo makali ya kutilia shaka mamlaka yaliyowahi kuuzwa kwa watoto kwa senti 10.

Haki inadai tuseme pia kile ambacho usafi huo haukukigusa kabisa. Mtaa wa Lulu ni mtaa wa weupe watupu. Tofauti ya tabaka inaonekana, kwani Wilbur Van Snobbe ni mtoto wa tajiri na jina lake linatangaza majivuno yake, lakini tofauti ya rangi imefutwa. Katika filamu fupi za katuni zilizotengenezwa na Famous Studios kati ya 1943 na 1948, hali ilikuwa mbaya zaidi. Humo mlimokuwa mtumishi wa nyumbani mweusi, Mandy, aliyechorwa kwa mtindo wa kudhalilisha uliokuwa wa kawaida wakati huo. Kitabu hakikuendeleza taswira hiyo kama mhimili wa vichekesho vyake, lakini suluhisho lake lilikuwa kunyamaza. Mlango wa kibanda uliwazuia wasichana kwa tangazo la wazi, na kwa hiyo tangazo hilo liliweza kuchekwa. Mlango wa mtaa ulizuia watu wengine bila tangazo lolote.

6.0 Ngano ndani ya katuni

Sehemu ya Little Lulu inayomgusa zaidi mhakiki wa fasihi simulizi ni hadithi ambazo Lulu humsimulia Alvin, mtoto mdogo wa jirani. Alvin ni msumbufu. Analia, anavunja, anadai. Njia ya pekee ya kumtuliza ni hadithi, na Lulu huitunga papo hapo. Shujaa ni yuleyule kila mara: msichana mdogo maskini, mwenye sura ya Lulu mwenyewe na nguo zenye viraka. Kuanzia miaka ya 1950 msichana huyo hukutana na mchawi Hazel, na baadaye na mpwa wake mdogo, Itch, mara nyingi akiwa porini kuchuma matunda ambayo hayapo duniani ila katika masimulizi hayo.

Kiusimulizi, hapa kuna hadithi mbili zinazokwenda sambamba. Ya nje ni ya Lulu na Alvin. Ya ndani ni ya msichana maskini. Fremu za hadithi ya ndani hubeba sauti ya Lulu kama maelezo, na picha huonyesha kile ambacho Alvin anapaswa kukiona akilini. Msomaji wa katuni anawekwa kwenye nafasi ya hadhira ya ngano. Tena, hadhira hiyo si tulivu. Alvin hukatiza, hupinga, hudai mwisho mwingine, na hadithi huishia kwa yeye kutulizwa, kutishwa, au kuchokoza upya.

Tumezoea kufundisha kwamba ngano hujengwa na fanani na hadhira kwa pamoja, na kwamba uandishi huua ushirikiano huo kwa kuigandisha matini. Hadithi za Alvin zinaonyesha kwamba ushirikiano huo unaweza kuchorwa. Hautokei upya kila usomaji, hilo ni kweli, lakini unawekwa wazi kama mada. Matini inaonyesha kwamba hadithi ni mapatano kati ya mwenye kujua kusimulia na mwenye uwezo wa kulia kwa sauti.

Mapatano hayo yanafanana kwa kiasi kikubwa na hali ya mtunzi mwenyewe. Stanley alitakiwa kutunga mara kwa mara, kwa wahusika walewale, kwa mteja ambaye angeweza wakati wowote kuondoka na senti zake. Lulu mbele ya Alvin yuko katika hali hiyohiyo: hana muda, hana malipo ya maana, na kipimo pekee cha kazi yake ni kama kelele zimekoma. Sidai kwamba Stanley alikusudia kujichora. Nadai kwamba masharti ya kazi yake yalimpa mada, na kwamba mada hiyo ndiyo iliyozaa baadhi ya kurasa bora kabisa za mfululizo huu. Msichana maskini mwenye viraka, anayeepuka kuliwa kwa werevu wake kila anaposimuliwa, ni mhusika aliyebuniwa na msimulizi anayelazimika kubuni.

7.0 Kutoka takataka hadi maktaba

Mwaka 1962 Western iliachana na Dell na kuanza kuchapa kwa jina la Gold Key. Mfululizo wa Lulu uliendelea, bila Stanley, hadi 1984. Kwa wakati huo jambo jingine lilikuwa limekwisha kuanza. Wasomaji waliokuwa watoto katika miaka ya 1940 na 1950 walikuwa watu wazima, wakaanza kukusanya matoleo ya zamani na kuuliza nani aliyeyatunga. Kama ilivyotokea kwa Carl Barks, mtunzi wa hadithi za bata wa Disney aliyetambuliwa na wasomaji kwa mkono wake kabla ya kujulikana kwa jina lake, Stanley alitafutwa na kupatikana.

Mwaka 1981 Michael Barrier na Martin Williams walizijumuisha hadithi za Lulu katika mkusanyiko wao wa vitabu bora vya katuni uliotolewa na taasisi ya Smithsonian. Katika nusu ya pili ya muongo huo Another Rainbow ilianza kuzichapa upya katika majalada makubwa, na baadaye Dark Horse na Drawn & Quarterly zikafuata. Nyaraka za Buell zikahifadhiwa katika Maktaba ya Schlesinger ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayoshughulika na historia ya wanawake. Hivyo Lulu akaingia kumbukumbu rasmi kwa milango miwili tofauti: kwa Stanley kama kazi ya fundi, na kwa Buell kama sehemu ya historia ya wanawake. Si ajabu kwamba uhakiki nao umegawanyika kwa namna hiyohiyo. Mgawanyiko tuliouona mwanzoni mwa makala haya umetokana kwa sehemu na swali la nani alihifadhi nini.

Kurudisha jina la Stanley lilikuwa tendo la haki. Lakini haki hiyo ilikuja na gharama ya kinadharia: ili kitabu kikubalike kuwa sanaa, ilibidi kipewe mwandishi mmoja wa kufanana na waandishi wa riwaya. Tripp, aliyezikamilisha kurasa hizo kwa mkono wake kwa miaka mingi, akawa mtu wa pembeni. Buell akawa jina la jaladani. Tumemtoa mtunzi mmoja gizani kwa kuwasogeza wengine humo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sifa kuu za Little Lulu zimefungamana na masharti ya uchapishaji wake. Mpangilio wa fremu nane uligeuzwa kuwa mdundo. Ulazima wa kurudia mgogoro ukazaa mhusika wa aina ya sungura. Udhibiti uliotazama picha ukaacha nafasi ya mashaka. Na ulazima wa kutunga bila kupumzika ukawa mada ya hadithi. Kipaji kilikuwapo, ila kilifanya kazi kwa kuyapokea masharti hayo na kuyaelekeza kwingine.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, jambo hili halikomei Marekani. Sisi pia tuna wahusika wa katuni walioishi na wasomaji kwa miongo: Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, ambaye jina lake linamuunganisha juha na sungura wa lugha kadhaa za Kibantu, na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wahusika hao wana masharti yao ya uchapishaji, ambayo ni tofauti na ya Lulu. Walizaliwa ndani ya magazeti na wakasomwa na watoto na wakubwa kwa pamoja, tena kazi zao zilijulikana kwa majina ya wachoraji wao. Kuwasoma kwa kuazima vigezo vya Marekani itakuwa kosa.

Lakini somo la kimbinu linabaki. Magazeti hutunzwa kwa ajili ya habari, na katuni hutunzwa humo kwa bahati. Uhakiki wetu wa fasihi ya watoto umezingatia zaidi vitabu vilivyoidhinishwa kwa ajili ya shule, kwa kuwa ndivyo vyenye majina ya waandishi, miaka ya kuchapwa na nakala kwenye rafu. Tukisubiri katuni zetu zipate hadhi ndipo tuzihakiki, tutakuwa tumegeuza utaratibu, kwa maana Lulu hakuingia maktaba kwa sababu alikuwa na hadhi. Aliipata hadhi kwa sababu watu wachache waliweka nakala za senti 10 ambazo wengine walizitupa, kisha wakauliza swali ambalo mhakiki wa fasihi anapaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: hiki kilichotuchekesha kilitengenezwaje, na nani, na kwa masharti gani?